Panadol Inatosha, au Twende kwa Daktari? Vidokezo 11 vya Kuchagua Dawa ya Maumivu

Shangazi yangu alikuwa na goti. Nyumbani tulilizoea goti hilo kama mgeni asiyeaga. Asubuhi tulimsalimia yeye, kisha tukaulizia goti limeamkaje. Dawa yake ilitoka duka la mtaa wa pili: mjukuu anapewa noti, anakimbia, anarudi na karatasi ya vidonge kumi vya diklofenaki. Hakuna aliyemuuliza mtoto dawa ni ya nani, wala huyo nani ana umri gani na ana presha au hana. Ilikwenda hivyo miezi minane, hadi asubuhi moja Shangazi alipotoka chooni ameshika ukuta, akasema choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

Hospitali walikuta kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Aliongezewa damu, akalazwa, akapona. Yupo, na ruhusa ya kuyasimulia haya ametoa mwenyewe. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba sote tulikuwa tukimwona akimeza, na sote tuliona ni jambo la kawaida, kwa kuwa dawa ilitoka dukani tu.

Haya hapa ndiyo ningependa tungeyajua mapema.

1. Yaulize maumivu kwanza, dawa baadaye

Tukifika dirishani huwa tunaanza na jina: "Naomba Panadol," "Nipe diklo." Kabla ya jina, jiulize yalianza lini, yalianzaje, na yamekuja na nini kingine.

Kuna maumivu yasiyo na dawa ya dukani kabisa. Kichwa kilichopasuka ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuumwa. Kichwa kinachokuja na homa na shingo iliyokakamaa. Kifua kinachobana, maumivu yakapanda kwenye taya au yakashuka mkononi. Tumbo lililoanzia kitovuni likahamia chini upande wa kulia. Mgongo unaokuja na miguu kufa ganzi, au mkojo kugoma, au kutoka wenyewe. Hapo usitafute kidonge, tafuta usafiri.

Na homa, kwa sisi tunaoishi na mbu, ina sheria yake. Kidonge kitaishusha, mwili utachangamka, na malaria itaendelea na kazi yake kimyakimya. Mtoto akiwa na homa, apimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Unaweza kumpa parasetamoli mkiwa njiani, lakini safari isivunjwe kwa sababu joto limeshuka.

2. Cheti si kipimo cha ukali

Mtaani dawa zina makundi mawili, "ya kawaida" na "kali". Ya kawaida inauzwa tu, kali inataka cheti cha daktari. Mgawanyo huu umewaponza wengi.

Tazama historia ya ibuprofeni. Stewart Adams, mtafiti wa kampuni ya Boots mjini Nottingham, Uingereza, alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi ambayo mgonjwa angeweza kuitumia kwa muda mrefu. Aliijaribu pia kwa nafsi yake, siku aliyoamka na kichwa kizito mjini Moscow na alikuwa na hotuba ya kutoa. Ibuprofeni ilipoingia sokoni nchini kwao mwaka 1969 ilikuwa ya cheti tu. Mwaka 1983 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti. Dawa yenyewe haikupungua ukali kwa miaka hiyo 14. Kilichotokea ni kwamba watu wengi walikuwa wameitumia, madhara yake yakafahamika, na dozi ya kujinunulia ikawekwa chini kuliko ile ya daktari.

Diklofenaki ilisafiri kinyume. Vidonge vyake vya dozi ndogo viliwahi kuuzwa bila cheti katika famasi za Uingereza, na Januari 2015 vikarudishwa kwenye cheti, baada ya kubainika kwamba vinaongeza hatari kwa moyo hata kwa baadhi ya watu wanaovitumia kwa muda mfupi.

Cheti, basi, ni jicho la pili. Kinasema kwamba kabla ya kumeza dawa hii, mtu anayeijua presha yako, figo zako, tumbo lako na dawa nyingine unazotumia ayapime hayo pamoja nawe. Kwetu vidonge vingi vya namna hii hupatikana bila kuulizwa swali hata moja. Upatikanaji huo hauondoi sababu iliyofanya jicho la pili lihitajike.

3. Anza na parasetamoli, ila ipe heshima yake

Kichwa, jino, mwili kuchoka kwa mafua, mgongo wa kazi, homa: kwa watu wengi parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo. Haikwaruzi tumbo, haisumbui figo kama ibuprofeni na diklofenaki, na hata mjamzito hushauriwa kuanza nayo pale anapohitaji dawa.

Mtu mzima anameza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi anaacha saa nne hadi sita. Ndani ya saa 24 visizidi vidonge vinane. Mwenye mwili mdogo, asiyefika kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa pombe nyingi, anapaswa kupangiwa chini ya hapo.

Kuzidisha parasetamoli kunatisha kwa sababu hakutishi mwanzoni. Mtu anameza nyingi, anatapika kidogo, siku ya pili anajisikia afadhali. Wakati huo ini linaumia, na dalili kubwa hutokea baada ya siku mbili au tatu. Kuna dawa ya kuizuia sumu hiyo, inaitwa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa chache za mwanzo. Kwa hiyo ukijua kuwa mtu amezidisha, mpeleke hospitali hata kama anacheka na kuomba chai.

Kwa mtoto, kipimo ni uzito wake. Dozi huwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na zisizidi dozi nne kwa siku. Tena dawa za maji hazilingani: ipo chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye 250 katika mililita zilezile 5. Ukibadilisha chupa bila kusoma, mtoto anapata mara mbili. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa, maana vijiko vya chai vya nyumbani kila kimoja kina tumbo lake.

4. Soma maandishi madogo

Kwenye pakiti jina kubwa ni la kampuni, na jina dogo ndilo la dawa. Wewe unameza lile dogo.

Vidonge vya mafua vingi vina parasetamoli ndani. Vidonge vya kichwa vyenye majina ya kuchangamsha mara nyingi ni mchanganyiko wa parasetamoli, aspirini na kafeini. Panadol Extra ni parasetamoli ileile miligramu 500, ikaongezwa kafeini. Vidonge ambavyo wengi mtaani huviita "diklopa" kwa kawaida ni diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Sasa mtu mwenye mafua na mgongo anameza cha mafua, anameza diklopa, usiku homa ikipanda anaongeza Panadol mbili. Yeye anahesabu dawa tatu. Ini linahesabu parasetamoli mara tatu.

Ukipewa vidonge vilivyokatwa vikatiwa kwenye bahasha ya karatasi, omba jina liandikwe juu. "1 x 3" peke yake inakueleza mara ngapi, haikuelezi nini.

5. Ifahamu familia ya diklofenaki

Hapa nitakaa kidogo, kwa ajili ya Shangazi.

Ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni, meloksikamu, indomethasini na aspirini ni ndugu. Zote huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazochochea maumivu na uvimbe, na ndiyo maana dawa hizi ni nzuri kwa kifundo kilichoteguka, jino lililovimba au maumivu ya hedhi, pengine kuliko parasetamoli. Lakini prostaglandini hizohizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake, na husaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizizima, umezima maumivu na mlinzi kwa pamoja. Kula kwanza hupunguza kuchefuka, ila hakuzuii kidonda, kwa sababu dawa hulifikia tumbo hata kupitia damu.

Nani asijinunulie hizi bila jicho la pili? Mwenye vidonda vya tumbo au aliyewahi kuwa navyo. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, au aliyepata kiharusi. Mwenye umri mkubwa. Mwenye pumu ambaye dawa za kundi hili ziliwahi kumbana kifua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na mwenye presha, ambaye mara nyingi haambiwi. Dawa hizi hupandisha presha na kudhoofisha dawa zake. Mtu akiwa anatumia enalaprili au losartani, pamoja na dawa ya kukojoa, kisha akaongeza diklofenaki au ibuprofeni, figo zinabanwa kutoka pande tatu. Akiwa anaharisha au amekaukiwa maji, ni hatari zaidi.

Mjamzito aziepuke. Tangu Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya dhidi yake kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kufunga mapema mshipa ambao moyo wa mtoto unautegemea kabla hajazaliwa.

Halafu kuna dengi. Dar es Salaam iliipata kwa nguvu mwaka 2014 na tena 2019, na dalili zake ni homa, kichwa na viungo kuuma mpaka mifupani, yaani hali ileile inayomtuma mtu kununua diklofenaki. Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu, na dawa za familia hii huongeza hatari ya kutoka damu. Kukiwa na tetesi za dengi mtaani, baki na parasetamoli, kunywa maji, nenda ukapimwe.

Mtu mzima mwenye afya njema anaweza kujinunulia ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku akiihitaji, isizidi 1,200 kwa siku, na kwa siku chache tu. Asichanganye ndugu wawili. Ibuprofeni asubuhi na diklofenaki jioni hakumpi nafuu mara mbili, kunampa madhara mara mbili. Parasetamoli si ya familia hii, kwa hiyo yenyewe inaweza kuandamana na mmoja wao.

Choo cheusi chenye kunata, matapishi kama unga wa kahawa, miguu kuvimba ghafla, mkojo kupungua: acha dawa, nenda hospitali.

6. Aspirini ina maisha mawili

Kwa maumivu ya mtu mzima inafanya kazi, ila tumbo lako unalijua mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe mpaka daktari aseme, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini. Aspirini ndogo ya miligramu 75, ile anayopewa mgonjwa wa moyo kila siku, ni habari nyingine: hiyo isianzwe kwa ushauri wa jirani, na isiachwe kwa ushauri wa jirani.

7. Dirishani, sema mambo manne

Mfamasia wa famasi, na mtoa dawa aliyesomea wa Duka la Dawa Muhimu, wanajua mengi kuliko tunavyowauliza. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hiyohiyo, ili hata mbali na mji kuwe na mtu aliyefundishwa kutoa dawa. Tunaufuja ujuzi huo tunapomtuma mtoto wa miaka minane.

Nenda mwenyewe, au mtume mtu mzima, na useme hivi: "Shikamoo, dada. Mgonjwa ni mama yangu, ana miaka 67. Ana presha, anatumia losartani. Goti linamuuma siku ya tatu sasa. Tumbo liliwahi kumsumbua." Umri, magonjwa, dawa nyingine, na maumivu yameanza lini. Nusu dakika tu. Ukiona muuzaji hajali hata moja, anakata karatasi na kudai pesa, una haki ya kusema ahsante na kwenda duka linalofuata. Kule Kenya wanasema kemisti, huku tunasema duka la dawa, lakini maneno ya kusema dirishani ni hayohayo.

Kuhusu muda, kwa mtu mzima: homa ikipita siku tatu, au maumivu yakipita siku kumi, dirisha la duka limefanya kazi yake. Zamu ya daktari.

8. Sindano haina baraka ya ziada

"Wamenipa vidonge tu, hata sindano hawakunichoma." Nimesikia kauli hii kwenye daladala mara nyingi, imesemwa kwa uchungu wa kweli, kana kwamba mgonjwa amedharauliwa. Diklofenaki ya sindano ni diklofenaki ileile. Inaingia haraka zaidi, inafaa kwa anayetapika au mwenye maumivu ya mawe kwenye figo, lakini madhara yake kwa tumbo na figo hayapungui kwa kupitia kwenye msuli. Ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu wa mguu, na sehemu iliyochomwa inaweza kutunga jipu. Kama unaweza kumeza, meza. Na usikubali kuchomwa chumba cha nyuma cha duka.

9. Kodeini na tramadoli hazikopeshwi

Hizi ni za cheti, na hapa cheti kina sababu za ziada. Kodeini yenyewe ni dhaifu, mwili ndio unaoigeuza kuwa mofini. Miili haifanani: wapo ambao hugeuza kidogo sana na hawapati nafuu, na wapo ambao hugeuza haraka na nyingi mno, pumzi ikapungua. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kujitazama. Ndiyo maana tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza kodeini na tramadoli zisitumike kwa maumivu ya watoto chini ya miaka 12, na mama anayenyonyesha anaonywa azikwepe.

Tramadoli inaweza kuleta degedege, hasa dozi ikizidi au ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona. Ikikutana na pombe au dawa za usingizi, hatari kubwa ni kupumua. Na zote mbili mwili huzizoea. Anayemeza ili akeshe na mizigo au abebe zege siku nzima anakopa nguvu ambayo mwili utaidai. Nawaonea huruma vijana wa kazi ngumu walioanza hivyo, kwa sababu karibu wote walianza na maumivu ya kweli. Kama ni wewe, usiache ghafla peke yako. Mwambie daktari, maana kutetemeka na kukosa usingizi kunakotokana na kuacha kunaweza kupunguzwa kwa kushusha dozi taratibu.

Vidonge vitatu alivyobakiza kaka yako baada ya upasuaji ni vya kaka yako.

Na anayesafiri kwenda Dubai au kwingineko Ghuba, awe mwangalifu. Falme za Kiarabu huziweka kodeini na tramadoli kwenye dawa zinazodhibitiwa, na msafiri anatakiwa kuomba kibali kabla ya kuingia nazo. Cheti chako cha Kariakoo pekee hakitoshi uwanja wa ndege.

10. Maumivu yasiyosikia Panadol

Kuna maumivu ya kuungua, ya kuchomachoma kama pini, ya ganzi inayouma. Wenye kisukari huyapata nyayoni, na aliyepona mkanda wa jeshi anaweza kubaki nayo miezi mingi. Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu yenyewe, na parasetamoli huyapita bila kuyagusa. Watu huongeza dozi, wanahamia diklofenaki, figo za mwenye kisukari zinaumia, na miguu inaendelea kuwaka moto. Dawa zake zipo na ni za cheti. Mojawapo ni amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza mishipa. Ukipewa, usidhani daktari amekuona umechanganyikiwa.

Jingine ni kichwa cha kila siku. Anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuwa anaumwa kichwa kwa sababu ya vidonge hivyo. Kwa vidonge vya mchanganyiko au vyenye kodeini, siku 10 zinatosha kuleta hali hiyo. Inaumiza kuisikia, kwa kuwa wiki za mwanzo za kuacha kichwa huzidi. Pitia kwa daktari, mpange pamoja.

Kwa goti na kiwiko, jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, kwa hiyo kwa wengi inafaa kujaribiwa kabla ya vidonge. Mgongo wa kawaida nao hupona zaidi kwa kutembeatembea kuliko kwa kulala wiki nzima.

11. Mofini si dawa ya kufia

Nimeandika kurasa za "jihadhari", na sasa nataka kusema kinyume chake kwa sauti hiyohiyo. Kuna maumivu ambayo kuyavumilia si ushujaa. Saratani iliyofika mifupani. Mtoto wa sikoseli katika kipindi chake kibaya. Aliyeungua. Kumpa mtu huyo Panadol na kumwambia ajikaze ni kumtelekeza.

Shirika la Afya Duniani lilichora ngazi ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986: chini parasetamoli na jamii ya ibuprofeni, katikati kodeini na wenzake, juu mofini. Mofini ya kunywa ni rahisi kutengeneza, ni unga na maji na kihifadhi. Uganda walilithibitisha hilo. Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wao wenyewe, kwa kuwa kusubiri daktari katika nchi yenye madaktari wachache kulikuwa ni kusubiri na maumivu. Nchini Tanzania pia mofini hutolewa, Taasisi ya Saratani Ocean Road ikiwa mojawapo ya sehemu zinazojulikana zaidi.

Familia nyingi huikataa. "Wakishampa mofini, basi tena." Mgonjwa aliyepangiwa dozi yake vizuri, ikapandishwa taratibu, hafi kwa mofini. Analala usiku, anakula, anazungumza na wajukuu. Mwili wake utaizoea, ndiyo, na ndiyo maana haikatwi ghafla, lakini huko ni tofauti na mtu kuitamani na kuisaka. Usumbufu wake mkubwa ni kufunga choo, kwa hiyo daktari akiiandika, ulizia palepale na dawa ya kulainisha choo. Ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajarudi. Chupa ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Kama una mgonjwa nyumbani anayelia usiku, uliza hospitali ya mkoa neno hili hasa: tiba shufaa.

Goti la Shangazi, kwa taarifa yenu, bado lipo. Analipaka jeli, anameza parasetamoli siku za baridi, anafanya mazoezi ya paja aliyofundishwa hospitali, na presha yake imetulia. Ana daftari dogo alilolifunika kwa gazeti, ukurasa wa kwanza ameandika dawa anazotumia, wa pili zile alizokatazwa. Juzi nilimkuta amesimama dirishani mwa duka, miwani puani, ameishika pakiti mbali kidogo na macho.

"Mwanangu," anamwambia mtoa dawa, "nisomee haya madogo. Humu ndani hakuna ndugu yake diklofenaki?"